Inakubali neno la siri, halafu giza: hesabu za kikundi zimo ndani

Barua

Fundi, habari za kazi.

Mimi ni mhazini wa kikundi chetu cha VICOBA hapa Pasua, Moshi. Tuko wanachama 28, karibu wote akina mama, pamoja na wazee watatu walioomba wenyewe kuingia. Mwaka jana mwanangu wa Dar aliniletea kompyuta mpakato, si mpya ila safi, ina Windows 11, akanifundisha Excel. Tangu mwezi wa tatu nikaacha kuandika lile daftari kubwa. Hisa, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii, vyote nikawa naingiza humo. Wenzangu walinisifu, na mimi nikavimba kichwa kidogo.

Jumanne ya wiki iliyopita usiku nilikuwa namalizia hesabu. Nilipotaka kuzima ikaniambia inajisasisha, nisizime. Ikafika asilimia 61, umeme ukakatika. Betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa waya tu, kwa hiyo ikazimika papo hapo. Umeme uliporudi alfajiri nikawasha. Ikaleta ile picha yake nzuri ya ziwa, ikaniuliza neno la siri, nikaandika, ikakubali, ikaandika Welcome, kiduara kikazunguka weee, halafu giza. Skrini nyeusi tii, na mshale mweupe peke yake. Nikigusa, mshale unatembea. Hakuna kingine. Nikizima kwa kubana kitufe na kuwasha tena, hadithi ni ile ile. Nimefanya hivyo labda mara kumi.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaniomba neno la siri, nikampa, akatazama kama dakika mbili, akasema, "Mama, Windows imekufa hii. Tunapiga nyingine, elfu ishirini na tano, saa kumi unachukua." Nikamuuliza, na hesabu zangu? Akajibu, "Zikiwa C zinaondoka, zikiwa D zinabaki." Mimi sijui C wala D. Ninachojua ni kwamba zilikuwa pale mbele kwenye skrini, folda ya njano inaitwa KIKUNDI. Nikaibeba kompyuta yangu, nikapanda nayo bodaboda, nikarudi nyumbani.

Tunavunja kikundi Jumamosi ya tarehe 13 Desemba ili watu wapate hela kabla ya Krismasi. Wewe unaijua Moshi ya Desemba: watoto wanapanda kutoka Dar, mbuzi wanapanda bei, na kila mtu ameshaipangia hisa yake kazi. Zimebaki wiki mbili. Mwenyekiti sijamwambia. Kwenye mkutano nilisema tu kompyuta iko kwa fundi, mama mmoja aliyekaa nyuma akaguna. Mguno ule bado uko masikioni mwangu.

Je, Windows ikifa, na hesabu zinakufa? Na wenzangu niwaambie nini?

Mhazini, Pasua

Jibu

Mama mhazini, shikamoo.

Ile bodaboda uliyopanda kurudi nyumbani ndiyo nauli iliyokufaa kuliko zote mwaka huu. Kwa dalili ulizoniandikia, folda yako ipo, na sisemi hivyo ili kukupoza moyo.

Tazama kompyuta imefanya nini kabla ya giza. Imeamka, imesoma diski, imepakia Windows, imekuonyesha picha ya ziwa. Imepokea neno lako la siri, ikalilinganisha na lililohifadhiwa, ikakubali ni wewe. Mshale unatembea, maana yake skrini na padi ya kugusa ni wazima. Mashine iliyokufa haifanyi hata nusu ya hayo. Kilichogoma ni hatua moja ya mwisho: kuna programu inaitwa Explorer, faili lake ni explorer.exe, na kazi yake ukishaingia ni kukutandikia meza, yaani picha ya nyuma, folda zako na ule mstari wa chini wenye saa. Ikijikwaa, unabaki na weusi na mshale. Umefunguliwa ofisi, umeingia, ila taa haijawashwa. Kabati liko pale pale.

Fundi wako hakukudanganya kuhusu C na D, ambazo ni majina ya sehemu za diski. Vitu unavyoviona "pale mbele" kwa kweli vinakaa ndani ya C, kwenye folda ya Users, kisha jina lako, kisha Desktop. Akiifuta C ili apige Windows upya, KIKUNDI inakwenda na maji. Nisimlaumu sana, nimekaa kwenye kibanda kama chake miaka mingi. Wateja tisa kati ya kumi wanataka mashine saa kumi ile ile, na kupiga Windows ndiyo kazi isiyobishaniwa bei. Kuokoa mafaili kunachukua mchana mzima na mteja anaona hujafanya kitu. Ila alipaswa kukuuliza wewe kabla hujamuuliza yeye.

Sasa, kabla hujaigusa kompyuta, chukua simu umpigie mwanao. Muulize: "Uliponiwekea hii mashine, uliniingiza kwa akaunti ya Microsoft? Barua pepe gani?" Jibu likiwa ndiyo, kuna mambo mawili ya kufuata kwenye akaunti hiyo, na yote mnaweza kuyafanya kwa simu.

La kwanza ni OneDrive. Windows 11 ina tabia ya kunakili Desktop ya mtu na kuipeleka huko kwenye hifadhi ya mtandaoni, mara nyingi mwenyewe hana habari. Nafasi ya bure ni GB 5, na hesabu za Excel za watu 28 hazili hata chembe ya hiyo. Ingieni onedrive.com, mtafute Desktop, ndani yake KIKUNDI. Mkiikuta, ipakueni, vuta pumzi, kanywe chai, urudi kuendelea kusoma ukiwa mtu mwingine.

La pili ni ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski linalokuja na Windows. Kompyuta nyingi za Windows 11 zilizosajiliwa kwa akaunti hiyo hufungwa diski kwa siri: ukiichomoa na kuiweka kwenye mashine nyingine, haisomeki bila namba ya tarakimu 48. Namba hiyo inahifadhiwa humo humo kwenye akaunti, na njia fupi ya kuifikia ni aka.ms/myrecoverykey. Iandike kwenye karatasi. Huenda usiulizwe kabisa, lakini baadhi ya hatua za mbele huiuliza ghafla, na hapo ndipo watu wengi hupoteza kila kitu wakiwa na mashine nzima mkononi.

Baada ya hapo, tafuta mahali penye umeme wa kuaminika. Steshenari yenye UPS, kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ofisi ya parokia, popote. Hiyo kompyuta isiyo na betri usiihangaishe tena kwenye soketi ya nyumbani jioni ya mvua. Chomoa printa, mausi, flashi, kila kilichochomekwa. Iwashe, andika neno la siri, ikifika kwenye giza iache saa moja nzima bila kuigusa. Sasisho lililokatizwa njiani hujaribu lenyewe kumalizia au kurudi nyuma, na hizo mara kumi ulizobana kitufe huenda ulikuwa unalikatiza kila lilipoanza. Usibane tena.

Saa ikipita na giza bado ni giza, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift, kitufe chenye alama ya Windows, na B. Skrini itapepesa, pengine italia kidogo. Hapo umeamsha upya kinachochora picha. Wakati mwingine hiyo peke yake inatosha.

Isipotosha, chomeka flashi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Esc iko kona ya juu kushoto. Mara nyingi litachomoza juu ya ule weusi dirisha linaloitwa Task Manager, kwa sababu lenyewe halimtegemei Explorer. Sehemu ya juu tafuta palipoandikwa Run new task, bofya, kitatokea kisanduku kidogo. Andika explorer.exe, kisha Enter. Subiri dakika mbili tatu. Meza ikitandikwa, usishangilie wala usifungue Excel kwanza. Nakili KIKUNDI kwenye flashi.

Meza isipotandikwa, kuna mlango wa uani ambao mafundi wengi hawauoni kwa sababu hauonekani kama mlango. Rudi kwenye Run new task, ila safari hii usiandike kitu, bofya Browse. Litafunguka dirisha la kuchagulia faili, na dirisha hilo linaona diski yako yote. Chini upande wa kulia kuna kisanduku kimeandikwa Programs. Kibadilishe kisome All Files, la sivyo ndani ya kila folda utaona patupu na presha itakupanda bure. Sasa upande wa kushoto bofya This PC, fungua C, fungua Users, fungua jina lako, fungua Desktop. Kama mwanao alikuunganisha na OneDrive, Desktop yenyewe itakuwa ndani ya folda ya OneDrive iliyo chini ya jina lako. Ukiiona ile ya njano, ibofye mara moja tu ili iwe na kivuli, bonyeza Ctrl na C. Rudi This PC, ingia kwenye flashi, bonyeza Ctrl na V. Hesabu hadi thelathini. Ikitokea kwenye flashi, bofya Cancel ufunge dirisha.

Tumia kunakili, si kukata. Na flashi hiyo uichomoe ukaifungue kwenye kompyuta nyingine kabla hujaendelea. Namaanisha kulifungua faili lenyewe, ushuke hadi mstari wa mwisho, uone ile hesabu ya Jumanne. Nimewahi kumkabidhi mteja flashi yenye folda nzuri kabisa isiyo na kitu ndani. Sitaki kukumbuka alichoniambia.

Ukiwa bado kwenye This PC, itazame pia C yenyewe. Chini ya jina lake kuna kimstari. Kikiwa chekundu, diski imejaa pomoni. Nisikusingizie, lakini wahazini wengi ninaowafahamu wana video za kwaya na za harusi za WhatsApp kuanzia enzi za Nuhu. Sasisho likikosa nafasi ya kujitandaza linakwama, na hata Explorer hushindwa kujipanga. Futa video kwenye Downloads kwa kubonyeza Shift na Delete pamoja, ukianza na kubwa; Delete peke yake inazihamishia tu kwenye pipa la takataka, na nafasi haifunguki.

Jambo moja la kusimamisha kila kitu: ukisikia diski inalia tik, tik, tik, kama saa mbovu, izime. Hiyo ni diski inayokufa yenyewe, na kila dakika inayowaka inakula mafaili. Hapo mpelekee fundi, ila kazi unayompa iwe kutoa mafaili kwanza, na umpe na ile karatasi ya tarakimu 48.

Mafaili yakishakuwa salama, kutengeneza ni jambo jepesi, na unaweza kumwachia fundi yule yule bila kinyongo. Kwenye picha ya ziwa, ashike Shift huku anabofya alama ya kuzimia na kuchagua Restart. Itakuja skrini ya buluu: Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, aondoe sasisho la mwisho. Kwa mashine iliyokatwa na umeme kwenye asilimia 61, mimi ningeweka dau langu hapo. Likigoma, arudi kwenye skrini hiyo hiyo achague System Restore, au Startup Settings kisha namba 4 ili iwake katika Safe Mode, yaani Windows yenye vitu vya lazima tu. Humo PIN inaweza kukataliwa, uwe na neno la siri lenyewe. Ikiwaka vizuri katika Safe Mode, mchawi ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, au programu inayojiwasha yenyewe, na akiandika sfc /scannow itakagua na kurekebisha mafaili ya Windows yaliyoharibika. Reset this PC iwe ya mwisho kabisa. Hata ukichagua Keep my files, programu ulizowekewa zinaondoka, Excel ikiwemo, na mwanao atalazimika kuirudisha.

Kama Ctrl, Shift na Esc haikuleta kitu chochote, hiyo hiyo njia ya Shift na Restart ndiyo yako, ila anza na Safe Mode unakili folda kwanza, kabla ya kuondoa chochote. Na Safe Mode nayo ikigoma, fundi mzuri ana flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows: anaiwasha kompyuta yako kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote ndani, anafungua diski yako kama kabati la jirani, ananakili anaondoka. Muulize tu, "Una flashi ya Ubuntu?" Uso wake utakujibu.

Neno la siri ulilompa yule fundi libadilishe mashine ikishapona.

Sasa la wenzako, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Mwambie mwenyekiti leo. Usisubiri matokeo. Ukisubiri, mguno wa mama mmoja utakuwa wa nusu ya mkutano, na hapo hata ukija na folda nzima watasema ulikuwa unaipika. Mwite nyumbani, muwekee kompyuta mbele, aandike yeye neno la siri, alione giza kwa macho yake. Mtu aliyeliona giza hawezi kukushuku kama yule aliyesimuliwa.

Na msikae kuningojea mimi wala fundi. Anzeni kazi kwa karatasi. Kila mwanachama ana kitabu chake chenye mihuri ya hisa, sivyo? Tangazeni vitabu vyote 28 viletwe Jumamosi hii. Hisa za mwaka mzima zinapatikana humo kwa kuhesabu mihuri, mchana mmoja, watu wawili wakisoma na mmoja akiandika. Mikopo na marejesho yaliyopita kwenye simu yana ujumbe wa muamala, wako na wa mkopaji. Daftari kubwa linakupa mpaka mwezi wa pili. Panapobaki pengo ni faini na mfuko wa jamii, na hapo mtabishana kidogo, kama kawaida ya vikundi. Mkipata folda, mtalinganisha karatasi na Excel mbele ya wote. Msipoipata, tarehe 13 mtagawana kwa karatasi.

Nina ugomvi mmoja na wewe, mama, niseme nikiwa nimeinama. Sanduku lenu la fedha lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hata mmoja akisafiri Rombo haliibiwi wala halipotei. Lakini sanduku la hesabu mlilipa ufunguo mmoja, likae kwenye mashine moja isiyo na betri. Kuanzia mzunguko ujao, kila baada ya mkutano faili liende kwenye flashi ya katibu na kwa barua pepe ya mwenyekiti, na ukurasa mmoja uchapwe steshenari ubandikwe ndani ya daftari. Betri nayo inunuliwe kabla ya mzunguko kuanza. Ukiwaeleza kwamba ndiyo iliyokatiza hesabu zao, nadhani hata yule wa nyuma atachangia.

Ukikwama kwenye skrini ya buluu, usinisimulie kwa maneno. Ipige picha kwa simu, maandishi yote yaonekane, unitumie kabla hujabofya kitu.